Kidato cha sita Uingereza: mtoto achukue somo la filamu au tumkataze?

Mama Nasra, Reading
Assalaam alaykum. Kijana wangu kapata matokeo ya GCSE, ile mitihani ya Uingereza ya kabla ya kidato cha sita, mazuri alhamdulillah. Sasa kidato cha sita anataka Hesabu, Historia na Filamu. Baba yake kashikilia Kemia mahali pa filamu, na nyumbani hakukaliki. Kujiandikisha mwisho Jumatatu. Waliopitia nisaidieni.

Mzalendo wa Magomeni
Mama, tusidanganyane. Somo la kukaa gizani kutazama picha ni la watoto wavivu. Watu tumebeba maboksi usiku kucha nchi hii, leo mtoto atwambie anasomea sinema? Vyuo vikuu vikubwa vina orodha ya masomo wanayoyataka, filamu haimo. Isitoshe sinema si jadi ya Waswahili, ni mambo ya Wahindi na Wazungu. Baba yuko sahihi.

Binti wa Leicester
Mvivu nani? Mimi nimelisoma. Ni filamu ndefu 11, na huitazami moja ukainuka ukaenda zako. Mitihani miwili, kila mmoja saa mbili na nusu, kila mmoja asilimia 35. Asilimia 30 iliyobaki unatengeneza filamu fupi ya dakika nne hadi tano au unaandika mswada wa filamu, halafu unaandika uchambuzi wa kazi yako.

Kwenye orodha yetu ilikuwemo *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako, ya 2014. Wenye bunduki walioteka mji huo wa Mali wamepiga marufuku soka, basi vijana wanacheza bila mpira. Wanakimbia, wanapiga pasi, kipa anaruka, na mpira haupo. Wenye bunduki wakipita na pikipiki, vijana wanajifanya wananyoosha viungo. Sasa eleza kamera imekaa wapi, muziki unafanya nini, kwa nini hakuna neno linalosemwa, na hayo yote yanamfikishaje mtazamaji kwenye uchungu. Mtihani ndio huo, si kusimulia hadithi.

Na orodha unayoitaja, ya Russell Group, kundi la vyuo vikuu vikubwa vya Uingereza, waliifuta 2019. A ya Filamu ina pointi 48 za UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, sawasawa na A ya Fizikia.

Mzalendo wa Magomeni
Pointi sawa, sawa. Nenda na hizo pointi kaombe udaktari bila Kemia uone.

Binti wa Leicester
Nani kasema mtoto anataka udaktari? Kamuulize kwanza.

Mzee wa Kikwajuni
Mimi nimekwama pale kwenye "si jadi yetu". Mwanangu wa Magomeni, wewe umezaliwa lini? Unguja tulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique. Jumapili mji mzima unaoga, unajipiga pasi, unakwenda sinema. Tiketi zikilanguliwa mpaka mtu anauza chakula cha kesho. Mama zetu walikuwa na maonyesho yao wanawake peke yao, na nyimbo za Kihindi wakiziimba jikoni toka mwanzo hadi mwisho. Picha ikisha, watu wanabishana barazani hadi usiku: yule baba alikuwa na haki kumkatalia binti, au hakuwa nayo? Walikuwa wakichambua bila ya kufundishwa na mtu. Usitufute hivyo.

Mvita Asilia
Kweli Mzee, na Mombasa usiiache nje. Regal, Naaz, Majestic yetu pia. Barabara ilikuwa haipitiki picha ikitoka.

Mama Chausiku, Dar
Na sisi tulikuwa na sinema ya magari, tangu 1966. Mnaingia familia nzima na gari, chakula kwenye kapu. Kile kiwanja leo ndicho ulipo ubalozi wa Marekani. Nikipita pale roho inaniuma.

Mzalendo wa Magomeni
Mzee, heshima yako. Mimi nilizungumzia kutengeneza, si kutazama.

Mzee wa Kikwajuni
Rudi juu ukasome ulichoandika. Na hata hayo ya kutengeneza: riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, Amil Shivji kaifanya filamu na mwaka 2021 imeonyeshwa tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Tamasha letu la filamu, ZIFF, lipo Unguja tangu 1998. Unataka ushahidi gani tena?

Seremala wa Slough
Jamani, turudi kwa Mama. Anakaa Reading, na hapo Shinfield pana studio kubwa mpya, kumbi 18 za kurekodia. Mimi najenga seti. Tunahitajiwa maseremala, mafundi umeme, wapaka rangi, washonaji. Tangu nianze hakuna aliyeniuliza nilisoma nini kidato cha sita. Kijana akitaka riziki ya filamu, aangalie pia uanagenzi. Akitaka kujifunza kufikiri na kuandika, hilo somo linamfaa, ila asidhani cheti chake kitamfungulia geti la studio.

Binti wa Leicester
Kwa hiyo watoto wetu wabebe mbao, wa wenzetu waongoze?

Seremala wa Slough
Mbao hizo zimenisomeshea watoto wawili chuo kikuu, dada. Chunga ulimi.

Binti wa Leicester
Sikuidharau kazi yako, kaka. Nimechoka tu kila ndoto ya mtoto wa Kiafrika kuambiwa ishuke ngazi kwanza.

Mvita Asilia
Naungana na dada. Mwigizaji Daniel Kaluuya, wazazi Waganda, kalelewa London, 2021 kachukua Oscar. Angeambiwa asome Kemia?

Mzalendo wa Magomeni
Mmoja. Nitajie mia.

Mama Nasra, Reading
Nashukuruni, lakini Jumatatu inakuja. Hiyo filamu ya dakika tano, kamera ananunua nani? Baba yake ndilo swali analoning'ang'ania sasa.

Binti wa Leicester
Sisi chuo kilituazima kamera, na kompyuta za kuhariria zilikuwepo. Mwenzangu mmoja alirekodi kwa simu yake. Kabla ya Jumatatu mpigie mwalimu wa somo umuulize vifaa, halafu mwende na baba yake, amuone mwalimu kwa macho yake. Na Mzalendo, hayo majina mia nitakuletea.

Mzalendo wa Magomeni
Nakusubiri. Na wewe Mama, Kemia usiifute bado.