Gamba la kobe na gamba la kaa: je, ni kitu kimoja?

Swali
Ndugu zangu, nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wangu huwaweka kobe, kaa na konokono katika kundi moja la "wanyama wenye gamba". Vitabu vyetu vinasema kwamba kobe ana uti wa mgongo na wenzake hawana, lakini havielezi gamba lenyewe limejengwaje. Naomba ufafanuzi.

Jibu la kwanza
Mwalimu, ukipata gamba la kobe aliyekufa zamani, ligeuze uangalie upande wa ndani. Utaona pingili za uti wa mgongo zimepangana katikati, na mbavu zimetanuka kila upande hadi zikashikana kuwa bamba moja. Hiyo ni mifupa hai inayokua pamoja na mnyama, ndiyo maana kobe hawezi kamwe kutoka ndani ya gamba lake. Vigae vya juu ni keratini, kitu kilekile kinachojenga kucha zetu. Linalonistaajabisha zaidi ni mabega, kwa sababu kwa binadamu, ng'ombe na ndege mifupa ya mabega hukaa nje ya mbavu, ilhali kwa kobe imo ndani.

Gamba la kaa halina mfupa hata kidogo. Ni dutu iitwayo kitini, iliyotolewa na ngozi na kukomazwa kwa kalsiamu kaboneti, na misuli imejishikiza upande wake wa ndani. Kwa kuwa likishakauka halitanuki, kaa hulazimika kulivua ili akue.

Jibu la pili
Naongeza kwamba konokono halivui lake, bali huliongeza ukingoni mwa mdomo wa gamba lenyewe. Tena wanafunzi wasidhani kwamba kila asiye na uti wa mgongo hubeba kiunzi chake, yaani sehemu ngumu zinazotegemeza mwili, upande wa nje: kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ana vibamba vigumu vilivyo chini ya ngozi. Nashauri waulize kwanza ni tishu gani iliyokijenga kiunzi, na kimekaa wapi kuhusiana na ngozi na misuli, kabla ya kutazama ugumu wake.

Jibu la tatu
Kuhusu kobe, upo ushahidi wa visukuku. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza Odontochelys, kobe wa kale kutoka China, aliyeishi miaka milioni 220 hivi iliyopita, ambaye alikuwa na gamba kamili la tumboni, lakini mgongoni alikuwa na mbavu zilizotanuka tu, zisizoungana bado kuwa gamba.