Tupeane uzoefu: mwenye puli (bwawa la kuogelea) nyumbani, unailinda vipi na baridi ya kugandisha?

Mzee wa Dallas (mleta mada)
Wadau wa ughaibuni, salaam. Huku Texas puli hatuifungi msimu wa baridi. Mitambo mingi ina kihisi kinachowasha pampu hewa ikishuka hadi nyuzi 2 au 3 hivi, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Sasa umeme ukikatika? Februari 15, 2021 ulianza kukatwa usiku wa manane, na kesho yake Dallas ikafika nyuzi 19 chini ya sifuri. Mafundi simu hawapokei. Tulizima breka (swichi ya umeme) ya pampu kwanza, umeme usije ukarudi ghafla ikazunguka kavu, tukafungua vizibo vya chini vya pampu, filta na hita, na valvu ya hewa juu ya filta. Maji yote yakamwagika uani, basi. Jirani alisubiri umeme urudi. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na ndani ya kasha la pampu hakuna pa kutanukia: likapasuka, filta nayo ikafuata. Halafu vipuri vikaadimika mpaka kiangazi. Haya, wa kaskazini mnafanyaje?

Mama Twins, Minnesota
Sisi tunafunga kabisa, jani la kwanza likianguka. Unashusha maji chini ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu na takataka), unapuliza bomba kwa kompresa mpaka zitoke hewa tupu, unaziba. Bomba usiyoiamini unaimiminia antifrizi ya puli, ile ya propilini glaikoli. Ya gari HAPANA, ni sumu. Kwenye skima tumbukiza chupa ya plastiki yenye kokoto kidogo, kizibo kimefungwa: barafu inaiminya chupa, kuta za skima zinapona. Na msimwage puli yote jamani! Maji ya ardhini yanaweza kulisukuma zege likainuka.

Kijana wa Arusha
Puli za huku adui yake bili ya maji na vyura. Endeleeni, nasoma.

Mama Twins, Minnesota
😂 Vyura tupeni sisi, chukueni theluji.

Da Mwana, Plano
Kwangu kihisi ndicho kilichoniliza. Kuelekea Krismasi 2022 baridi kali, umeme upo, pampu imenyamaza. Kumbe fundi alikifunga karibu na tundu la mashine ya kukaushia nguo, kikawa kinapigwa hewa ya moto, chenyewe kinajua ni masika. Niliiwasha kwa mkono ikakesha. Siku hizi baridi ikitangazwa siingoji otomatiki: naiwasha jioni, nafungua valvu zote kidogo ili hata bomba ya maporomoko ipate maji. Watu wanaisahau hiyo, na ndiyo inayopasuka.

Bin Tanga, Houston
2021 presha ya maji ya jiji ilipoanguka, puli ndiyo iliyotuhudumia chooni. Ndoo kwa ndoo, wageni pia walipanga foleni. Mitambo nilikuwa nimeshaikamua maji na kuifunika mablanketi, turubai juu. Ila hita ya gesi ikiwa inawaka usiifunike, utaunguza nyumba.

Mgeni wa Puli
Wakuu, juu kumeganda. Nipige nyundo?

Mzee wa Dallas (mleta mada)
Acha kabisa. Mshindo unasafiri mpaka kwenye vigae na plasta. Kama pampu inazunguka, angalia skima tu isizibwe na barafu, maana pampu ikikosa maji nayo inaungua.

Mgeni wa Puli
Asante mkuu. Na jenereta ndogo inatosha kuzungusha pampu?

Da Mwana, Plano
Inategemea pampu, soma kibandiko chake cha wati, na kumbuka inavuta zaidi wakati wa kuwaka. Lakini iwe NJE, mbali na madirisha. 2021 huku Texas watu walikufa kwa kaboni monoksaidi, wengine kwa jenereta, wengine kwa kuota moto wa gari ndani ya gereji. Pampu inanunuliwa nyingine. Umeme usipokuwepo, mwaga maji ya mitambo ukalale.

Bin Tanga, Houston
Vile vizibo vidogo mnaviweka wapi? Vyangu kila mwaka vinapotelea kwenye majani.

Mama Twins, Minnesota
Ndani ya kikapu cha pampu. Huwezi kuiwasha tena bila kukifungua, utavikuta.