Kuingia au kukaa kando ya Baraza la Haki za Binadamu la UN?

Mdadisi: Wakuu, baraza lina viti 47 na baadhi ya waliovikalia wanafunga wapinzani wao. Nchi inayojiheshimu inafuata nini humo?

Kalamu Nyeusi: Inafuata kura. Asiye mjumbe huruhusiwa kuzungumza lakini hapigi kura, na kura ndizo zinazoanzisha tume za uchunguzi. Oktoba 2022 hoja ya kujadili (kujadili tu!) ripoti ya UN kuhusu ukiukaji wa haki huko Xinjiang, China, ilianguka kwa 19 dhidi ya 17, huku 11 wakijizuia. Watatu kati ya hao 11 wangetosha kuipitisha.

Mzee wa Kanuni: Uozo unaanzia kwenye uchaguzi. Viti hugawanywa kikanda. Kanda ikipeleka wagombea sawa na nafasi zilizo wazi, kila mmoja anahitaji kura 97 kati ya 193 za Baraza Kuu la UN (nchi zote wanachama), na kwa kawaida anazipata. Pakiwa na mgombea wa ziada mambo hubadilika: Saudi Arabia iliangushwa 2020, Urusi 2023 ikashindwa na Bulgaria na Albania. Kwa hiyo usisuse, gombea.

Mdadisi: Na kumsimamisha aliyekwisha kuingia?

Mzee wa Kanuni: Theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu, wanaojizuia hawahesabiwi. Libya 2011, kisha Urusi 2022 kwa 93 dhidi ya 24, 58 walijizuia.

Kalamu Nyeusi: Marekani ilijitoa 2018 ikilalamikia ajenda ya kudumu namba 7, inayoijadili Israel. Ajenda ikabaki palepale. Tena kujitoa hakukuondolei mapitio ya mara kwa mara ya hali ya haki za binadamu nchini mwako. Kila nchi ya UN hupitiwa, mjumbe au la.