Upasuaji wa meno ya Kijivu

Mama Mdogo Salma: Habari za jioni, wapendwa. Majibu ya paka wetu Kijivu yametoka, na kweli ana virusi vya upungufu wa kinga, vile ambavyo paka huambukizana hasa kwa kung'atana. Fizi zake zimeoza kiasi kwamba hata kunywa maji kunamuuma, kwa hiyo daktari anashauri apigwe nusukaputi ang'olewe meno ya nyuma. Nina hofu kwamba mwili wake hautahimili.

Mjomba Idi: Salma, mimi ningemwacha apumzike. Mnyama asiye na kinga ukimpasua, kidonda hicho kitapona kwa nguvu gani?

Rehema: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, Mjomba. Virusi hivi vilitambuliwa California mwaka 1986, na tangu hapo imeonekana kwamba paka wengi walio navyo huishi miaka mingi, na wakiwa na afya nzuri hustahimili hata upasuaji wa kuhasiwa bila matatizo makubwa. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi kuamua. Cha kutazama ni hesabu ya chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, wingi wa damu, na hali ya figo na ini. Ingekuwa leukemia ya paka ningeogopa zaidi, kwa sababu virusi vyake huharibu uboho, ile sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, na paka aliyepungukiwa damu huingia kwenye nusukaputi akiwa hana akiba. Je, amepimwa hivyo vyote?

Mama Mdogo Salma: Marahaba, mwanangu. Leukemia hana. Hesabu ya damu haijafanywa.

Rehema: Basi asipasuliwe kabla haijafanywa. Lakini tusidhani kwamba kungoja ni salama, kwani fizi zilizooza ni mlango wa vijidudu, na kinga ndogo aliyobaki nayo inatumika huko mchana na usiku. Siku ya upasuaji, Mama Mdogo, omba awe wa kwanza, asiwekwe karibu na paka wenye mafua, na uulize watamtunzaje joto. Mwili mdogo hupoa upesi ukiwa usingizini, na mwili uliopoa hupambana na vijidudu kwa udhaifu.

Farida: Akirudi nyumbani nitamwangalia mimi. Nikiona usaha nitawaarifu mara moja.

Rehema: Farida, hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote. Sehemu kubwa ya usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana, kwa hiyo paka mwenye chembe chache anaweza kuharibikiwa na kidonda huku hakitoi usaha, hakivimbi, na pengine hata homa hana. Usikiamini kidonda kwa sababu kimetulia. Mtazame yeye mwenyewe: anakula, anajilamba manyoya, anakuja ukimwita, au amejificha chini ya kitanda? Joto la kawaida ni takriban nyuzi 38 hadi 39.2, na kushuka chini ya hapo kunatisha sawa na kupanda. Akipitisha siku nzima bila kula, piga simu, maana paka anayekaa na njaa ini lake hujaa mafuta. Na tafadhali, parasetamoli asipewe hata kipande; humuua paka.

Mjomba Idi: Nimekuelewa, binti yangu. Niliwahi kumpoteza paka siku ya tatu baada ya upasuaji, na hakuna aliyempima damu kwanza. Ndiyo maana niliongea kwa ukali. Je, hesabu ikija chini?

Rehema: Pole sana, Mjomba. Ikija chini, daktari anaweza kuahirisha, ampe antibiotiki na dawa ya maumivu, ale chakula laini, kisha apime tena, kwa kuwa hesabu hiyo hupanda na kushuka. Ikibaki chini kabisa, ndipo tutakaa tena kuzungumzia ushauri wako.

Mama Mdogo Salma: Nampeleka kesho asubuhi kupimwa damu tu. Tarehe ya kung'oa meno sitaikubali mpaka niyaone majibu, na nitayaleta hapa.

Farida: Nami natayarisha chumba kidogo, apate pa kulala pekee yake penye joto.