Nimelipa laki nane na nusu nikatumiwa hedifoni feki, halafu naambiwa tatizo ni muziki ninaosikiliza

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Hii ni wiki ya tatu nimeshikwa na hasira, na nimeona niandike kabla mwingine hajaliwa hela yake kama mimi.

Niko Dodoma, Ipagala. Nafundisha kwaya, huu mwaka wa 19. Usiku watoto wakishalala huwa nakaa na muziki wa klasiki, si kwa maringo, ni kazi yangu. Nataka nisikie alto anapanda wapi, besi anashuka wapi, sauti ya tena inabadilika lini. Miaka yote nimetumia visikilizio vya simu vya elfu kumi na tano. Kwa taarifa ya habari vinatosha. Ukiweka okestra ya watu 80 inakuwa uji, huchambui kitu.

Msimu uliopita zabibu zimelipa. Nina shamba dogo Hombolo. Tukatoa ada, tukatoa mbolea na dawa, mama watoto akasema iliyobaki chukua ununue hicho kitu chako, umekitamani muda mrefu. Sikukurupuka. Nimesoma miezi mitatu nzima, nikaamua Sennheiser HD 600. Iko sokoni tangu 1997 na watu wa muziki wa aina hii bado wanaitumia. Mgongo wake uko wazi, sauti haifungiwi ndani ya kikombe, kwa hiyo kila chombo kinapata pa kukaa. Ubaya wake ni kwamba aliye jirani anasikia unachosikia, na wewe unasikia upepo wote wa Dodoma. Nikakubali.

Jambo lenyewe ni kwamba ina omu 300, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, na hapo ndipo simu inaposhindwa. Inataka volti. Ukiipa volti 1 inatoa kama desibeli 97, na simu nyingi kufika hiyo volti moja ni shida. Wimbo wa bongo fleva unaweza kupona, kwa sababu umerekodiwa juu tangu mwanzo hadi mwisho. Okestra haiko hivyo. Kuna mahali filimbi moja inanong'ona peke yake, na dakika mbili baadaye tarumbeta na ngoma zote zinaingia kwa pamoja. Ukikosa nguvu, kule kwenye kunong'ona ndiko unakopoteza. Ndiyo maana unatafuta amplifaya ya hedifoni.

Haya yote nilimwandikia muuzaji, na meseji ninazo. Jina lake siweki hapa. Yuko Kariakoo, anauza kwa mtandao. Nilimwandikia wazi: omu 300, mgongo wazi, na amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni. Akanijibu: "Ipo kaka, orijino kabisa, amplifaya nakupa ya wati 200, inapiga balaa." Hedifoni haihitaji wati 200. Hata wati moja kamili ni nyingi mno kwake. Nilimwambia. Akasema usijali, ndiyo hiyo hiyo.

Nikatuma 850,000 ya hedifoni, 180,000 ya amplifaya, na ya kutolea juu. Mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi ya Nanenane saa 3 usiku.

Hiyo amplifaya ni kiboksi chekundu cha volti 12. Kina redio, kina sehemu ya flashi, kina matundu mawili ya maikrofoni za karaoke, na nyuma kuna pa kufunga nyaya za spika, nyekundu na nyeusi. Tundu la hedifoni halipo. Nimekigeuza pande zote, halipo!

Nikasema basi, angalau hedifoni ninayo. Nikaichomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, nikaweka ile kazi ya mtunzi Bach ya Mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo. Niliichagua kwa makusudi. Ni ya 1727, ya Ijumaa Kuu pale Leipzig, na Bach ameiandikia kwaya mbili na okestra mbili. Mwanzoni kwaya ya kwanza inawaita watu waje kuomboleza, ya pili inadakia kuuliza: nani? vipi? wapi? Juu yao soprano wengine wanaimba tenzi taratibu, kama hawaoni vurugu iliyo chini yao. Hedifoni nzuri inakupa kwaya moja huku na nyingine kule, na ule utenzi juu yake. Hicho ndicho nilichouzia zabibu.

Kwanza sauti ilikuwa kubwa. Hapo hapo nikashtuka, hedifoni ya omu 300 haipigi vile kwenye kompyuta ya kawaida. Selo na besi zimevimba, zinagonga kama mtu anapiga pipa chumba cha pili. Nikaruka mbele hadi anapoimba Mwinjilisti, yule mwimbaji wa sauti ya tena anayesimulia habari yote. Hayupo. Nasikia ala zinazomsindikiza kwa mbali, nasikia mwangwi wa kanisa, mwimbaji mwenyewe hayupo! Nikashika pini pale inapoingia kwenye kompyuta, nikaikandamiza kwa kidole gumba, akatokea. Nikaachia, akapotea tena. Nimekaa sebuleni saa 6 usiku nimeshikilia pini kwa kidole ili nimsikie Mwinjilisti, kwa kitu cha laki nane na nusu.

Asubuhi nikaenda kwa fundi redio Majengo. Akanieleza vizuri. Ule waya wa pamoja, ambao masikio yote mawili yanarudishia umeme, umeachia ndani ya pini. Ukiachia, kinachobaki masikioni ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Aliyerekodiwa katikati yuko sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Ndiyo maana wa pembeni walibaki na Mwinjilisti akaondoka.

Akafungua vikombe, akaweka mita kwenye kila sikio. Kushoto omu 31. Kulia 33. Najua mita haipimi sawasawa na namna kiwanda kinavyopima, tofauti kidogo ningeivumilia. Lakini 31 na 300? Kisha waya. Kwenye HD 600 ya kweli waya unachomoka kila upande, una vijiti viwili, kimoja kinene kimoja chembamba, ukiharibika unabadilisha mwenyewe. Huu umegandishwa na gundi nyeupe, imemwagikia hadi kwenye sponji. Fundi alitaka kuichomelea ile pini, nikamkataza asiguse.

Nikampigia muuzaji. Kwanza akasema nizipige saa 100 "zitafunguka". Nikamtumia picha ya mita. Akajibu, nanukuu kama alivyoandika: "Huo muziki wako wa kanisani umerekodiwa zamani ndo shida, weka amapiano utaona."

Wakuu, hela inauma, ila hili neno limeniuma zaidi. Mimi ni Mgogo, nimekulia Mvumi. Kwetu mtoto kabla hajajua kusoma anajua kushika sauti yake pembeni ya sauti ya mwenzake bila kupotea. Babu yangu alipiga ilimba, ile ala ya vifito vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na sisi tulijua kwa masikio tu ufito upi umelegea. Leo mtu aniambie sijui ninachosikia? Aniambie mtu wa Dodoma akitaka kusikiliza muziki anataka kishindo tu? Ndivyo wanavyouza, kila kitu wati na besi, kwa sababu wanaamini hakuna huku mwenye haja na kingine.

Meseji ya mwisho ikawa "mali ikiuzwa hairudishwi", halafu akanibloku. Risiti aliyoweka kwenye boksi ni ya mkono, si ya mashine ya kodi ya EFD, imeandikwa "vifaa vya muziki" basi.

Kwa anayedhani maneno hayo ya "mali ikiuzwa hairudishwi" yanamlinda muuzaji: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Maelezo niliyaandika mimi, yeye akajibu "ipo". Na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Jumatatu naenda na meseji nilizochapisha, muamala wa simu, na maandishi ya fundi yenye vipimo vyote viwili.

Hedifoni na kile kiboksi viko kabatini kama vilivyokuja. Tangazo la muuzaji lina picha ya boksi la kijivu limewekwa juu ya zulia jekundu. Kama umenunua hapo, uwe Dodoma, Singida au popote, njoo inboksi na meseji zako, tuunganishe malalamiko.