Fomu wani wangu hawasomi mpaka niwaandikie notisi ubaoni, mnafanyaje?

Mwl_Bailojia
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha bailojia fomu wani shule moja ya kata, watoto themanini na kitu darasani, karibu wote wametoka shule za msingi za serikali. Miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili halafu wakifika sekondari karibu kila somo ni Kiingereza ukitoa Kiswahili chenyewe. Ile orientesheni ya mwanzo, kozi fupi ya Kiingereza, inawasaidia kusalimia na kuomba ruhusa ya kutoka nje, ila mkishafika kwenye seli na uainishaji wa viumbe wanabaki kukukodolea macho.

Shida yangu siyo Kiingereza peke yake, shida ni kwamba hawafanyi chochote bila mimi. Nikitoka darasani kazi imelala. Nikiuliza swali kimya, nikishika chaki wote wanainama wananakili mpaka koma, ukimuuliza mmoja umeandika nini hapo anakuangalia tu. Kwenye testi anakurudishia notisi zako neno kwa neno, ukigeuza swali kidogo amepotea. Nikichomekea Kiswahili darasa linachangamka hasa, mikono juu, lakini mkuu wa shule hataki kukisikia nje ya kipindi chake na upimaji wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa fomu tuu unakuja kwa Kiingereza. Sasa nafanyaje waanze kujisomea wenyewe? Naomba mbinu za darasa kubwa lisilo na vitabu, zile za semina nimeshazisikia sana.

Madam wa Jiografia
Pole mwalimu, hauko peke yako, walimu wengi tuko hapo. Huyo mtoto aliyekaa kimya anatafuta jibu na wakati huohuo anatafuta Kiingereza cha kulisemea, mpaka akipate wewe umeshaenda swali lingine.

Mimi nilichofanya nimetenganisha kufikiri na kuandika. Kufikiri lugha yoyote, kuandika Kiingereza. Na swali linatangulia, notisi baadaye. Chukua hiyo mada yenu ya huduma ya kwanza, andika ubaoni: mtu anatokwa damu puani, ainamishwe mbele au alazwe kichwa nyuma? Nakuhakikishia nusu ya darasa watasema nyuma maana ndivyo wanavyofanyiwa nyumbani. Waache wabishane kwa Kiswahili na mwenzake wa dawati moja, usiwahamishe madawati utapoteza kipindi kizima, dakika tano tu. Halafu kila wawili waandike sentensi mbili za Kiingereza, na mwanzo wake uko ubaoni: "We think the person should ... because ..." Hiyo because ndiyo inayowafikirisha, huwezi kuijaza kwa kukariri. Mmoja atakuandikia "because blood is go to stomach", sarufi mbovu lakini ameelewa kwamba ukilaza kichwa nyuma damu inashuka tumboni, ndiyo maana tunainama mbele, sarufi mtairekebisha pamoja.

Ndiyo unatoa notisi sasa, fupi, na kazi yao ni kulinganisha na walichoandika na kusahihisha cha kwao kwa kalamu ya rangi nyingine. Watoto wanaopenda kunakili hii inawauma mwanzoni lol.

Kitu kimoja usisahau, hizo sentensi za kuanzia uwe unazipunguza. Mwanzo wape sentensi nzima yenye mapengo, baadaye mwanzo wa sentensi tu, baadaye maneno matatu manne pembeni ya ubao, mwisho usiwape kitu. Ukiwaachia mwaka mzima umewapa magongo mapya badala ya notisi.

Kuhusu mkuu, kwenye andalio la somo niliandika "majadiliano ya wawili wawili" nikampelekea na madaftari aone Kiingereza walichoandika wenyewe. Hajasema kitu tena.

Jicho_la_Ukaguzi
Mnawadekeza hao watoto. Sisi tumesoma kulikuwa na bango getini ukiongea Kiswahili unachezea fimbo na tumefaulu. Karatasi ya mtihani haina Kiswahili hata mstari mmoja. Halafu watoto themanini waachiwe wajadiliane Kiswahili, nani atajua wanaongelea damu ya puani na nani anaongelea Simba na Yanga??

Mwalimu wa Kaskazini Pemba
@Jicho bwana, mliofaulu ndio mlobaki kusimulia, walioshindwa hawamo humu kukujibu. Kwetu Zanzibar sera ya 2006 ilipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza tangu darasa la tano, wadogo hao. Nilichokiona mimi ni kuitikia tu. Mwalimu anauliza mmefahamu, darasa zima "yeees ticha", basi somo limekwisha salama na hakuna alofahamu kitu. Hilo la Simba na Yanga kweli lipo, ndo maana dakika ziwe chache na mwisho wake kuna sentensi ya kuonesha. Mtoto akijua anaandika kitu baada ya dakika tano hana muda wa mpira.

Ndugu mwalimu, nikuongezee la kujitegemea maana hilo ndilo ulilouliza. Ukurasa wa nyuma wa daftari ufanye wa maswali. Kila kipindi mwanafunzi aandike kitu kimoja alichokwama, lugha aitakayo. Kabla hajaja kwako apite kwanza kwenye mchoro wa kitabu, kisha kamusi, kisha mwenzake, na aandike kapata wapi jibu. Akija kwangu na swali namuuliza umeshapita wapi, basi. Mwanzo wanaona mwalimu mvivu huyu, lakini baada ya muda foleni mezani kwangu imepungua sana na wanaokuja wana maswali ya maana.

Kamusi iwe moja kwa safu kama hamna nyingi, na sharti kabla ya kuifungua akisie kwanza maana kwa kutazama sentensi nzima na picha. Asipokisia atafungua kamusi kila neno na ukurasa mmoja utamchukua jioni nzima.

otieno_wa_class
Mwalimu hata sisi huku Kenya hiyo stori tunaijua. Tume ya elimu ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya kwanza halafu Kiingereza, lakini shule nyingi ziliruka hapo na kuendelea na diski, kibao ambacho ukipatikana ukiongea lugha ya mama unavalishwa shingoni mpaka umpate mwingine wa kumpa. Watoto walijifunza kunyamaza na kuchongeana, Kiingereza hapana.

Yangu ni fupi: kusoma na kufunga. Wanasoma aya moja ya Kiingereza, wanafunga kitabu, mmoja anamweleza jirani kwa lugha yoyote alichoshika, wanafungua wanaangalia wameacha nini. Vitabu vikiwa vichache andika aya ubaoni halafu uifute, wanaamka wote.

Mwl_Bailojia
Asanteni sana, hii ya damu puani naifanya wiki hii hii, nimemuuliza mpaka mke wangu naye kasema kichwa nyuma 😂 Swali la mwisho, madaftari themanini ya sentensi wanazotunga wenyewe nasahihisha saa ngapi? Nina mikondo mitatu.

Madam wa Jiografia
Husahihishi yote. Kusanya safu moja kwa kipindi, zingine wabadilishane wakague vitu viwili tu, kuna because au hakuna, na sababu inaendana na jibu au haiendani. Wewe zunguka ukiwa na kikaratasi uandike makosa matatu yanayojirudia, kipindi kijacho anza nayo ubaoni bila kutaja jina la mtu. Na Jicho akipita kukagua mpe na yeye safu moja asahihishe.

Jicho_la_Ukaguzi
Nileteeni hiyo safu. Ila na mimi nilikuwa najua kichwa nyuma.