Naomba ushauri: timu ya kampuni ya viatu inamtaka mwanangu

Habari zenu wakuu. Naishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni udereva wa lori. Kijana wangu ana miaka 16, futi 6 na inchi 7, na bado anarefuka. Juzi kocha wa timu moja ya mpira wa kikapu ya kiangazi kaja nyumbani na begi: jozi tatu za raba mpya, hata ya mdogo wake imo. Mama watoto akauliza, "Nani kalipa?" Kocha akacheka tu.

Timu inadhaminiwa na kampuni kubwa ya viatu. Najua makocha wa vyuo hujazana kutafuta wachezaji kwenye mashindano ya vijana kama EYBL ya Nike au 3SSB ya Adidas, kwa hiyo mlango ni wa kweli. Ila hesabu yao naiona: avae chapa yao leo, aende chuo kinachovaa chapa hiyohiyo, akifika NBA asaini nao.

Kinachoninyima usingizi ni yale ya 2017. FBI walikamata watu 10 kwa tuhuma za rushwa kwenye mpira wa kikapu wa vyuo, wakiwemo makocha wasaidizi wanne wa vyuo na James Gatto, mmoja wa wakubwa wa Adidas. Baba wa kijana mmoja aliahidiwa dola 100,000 ili mwanawe aende Chuo Kikuu cha Louisville. Mtoto hakucheza hata mechi moja ya chuo!

Mliopitia haya, raba nizirudishe? Na kocha akianza kunitajia chuo kimoja tu kila siku, nimjibuje bila kumharibia kijana? Anataka jibu Jumamosi. Raba ziko uvunguni, mdogo mtu keshazijaribu.